Ndege Aliyenitoa Uziwi

Walisema sisikii. Walisema pia kwamba hata nikisikia sielewi, na kwamba sekondari nitaiona kwa nje tu, kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa. Waliosema hayo walikuwa watu wenye vyeo, na waliyasema kwa upole, kwa sauti ile anayotumia daktari akimwambia mgonjwa asiinuke kitandani. Leo, ndugu zangu, nina kliniki yangu mwenyewe ya masikio hapa Bukavu. Jina langu, Bisimwa, limeandikwa mlangoni kwa herufi ambazo unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara, na diploma yangu ya Ubelgiji inaning'inia ukutani mahali penye mwanga mzuri, kusudi anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Watu wananisema kwamba najisifu. Najisifu, ndiyo. Ningekuwa nimezaliwa na mali, ningenyamaza.

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi, huwa nawasha mashine ya kupimia masikio, navaa vile vikombe viwili vya kusikilizia, kisha nazungusha kitufe mpaka kwenye sauti ya juu kabisa. Ni sauti nyembamba mno, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo. Msaidizi wangu anadhani nakagua mashine. Nakagua kweli. Lakini sauti ile ikishaniingia, chumba chote kinanukia udongo mbichi na majani yaliyolowa, vidole vya miguu vinaanza kupata baridi, na mimi niko tena Auderghem, ukingoni mwa jiji la Bruseli, mtoto wa miaka tisa aliyenyoosha kidole juu, na watu wazima wote wakimtazama.

Ngoja niwaeleze jinsi nilivyofika pale.

Tulikuwa tumeingia Bruseli mwaka uliotangulia, mimi na Maman, na tuliishi Ixelles, ghorofa ya tatu, juu ya mgahawa uliokuwa ukikaanga samaki tangu saa nne asubuhi. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mwanamume wa familia alikuwa Tonton Cubaka, kaka yake Maman, aliyetutangulia Ulaya na kwa hiyo alijua kila kitu, hata yale asiyoyajua. Maman alisafisha ofisi kule mtaa wa Schuman, kwa wakubwa wa Ulaya. Lakini ukimuuliza kazi yake ni ipi, angekuambia kwamba yeye ni mwalimu wa kwaya, na angekuwa amesema kweli. Jumapili aliongoza kwaya ya watu wa Kivu katika ukumbi wa kukodi, na siku za katikati ya wiki kwaya hiyo ilifanyia mazoezi sebuleni kwetu, mama wanene kwa wembamba wamebanana kwenye kochi, wanaume wamesimama ukutani karibu na friji.

Maman alikuwa na namna yake ya kunifundisha. Alinisimamisha katikati ya sebule, mgongo wangu ukiwaelekea waimbaji, uso wangu ukitazama dirisha. Kwaya ikaimba. Kisha akaniuliza ni nani aliyeanguka. Nilitakiwa niseme: Maman Nabintu amepanda sana, Papa Zihindula amechelewa, kuna mtu karibu na friji anafungua mdomo tu wala haimbi. Nikikosea, tulianza upya. Nikipatia, hakunisifu, alitikisa kichwa kidogo, na kwangu mimi kutikisa kule kulikuwa kukubwa kuliko sahani ya nyama. Waimbaji waliniogopa. Papa Zihindula, mwanamume mwenye ndevu na watoto wakubwa, alikuwa akininunulia biskuti kabla ya mazoezi.

Sasa mtoto huyo ndiye aliyeambiwa kiziwi.

Kosa halikuwa la mtu yeyote, nadhani. Nyumbani kwetu, mkubwa akisema nawe unainamisha macho, unangoja amalize, unahakikisha kweli amemaliza, ndipo unajibu. Mwalimu wangu, Madame Odile, mwanamke kijana mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, hakuwahi kumaliza. Aliuliza swali, akahesabu kichwani mwake sijui mpaka ngapi, akaliuliza tena kwa sauti kubwa zaidi, akageukia mwenzangu. Jibu langu lilikuwa bado liko njiani. Likawa linafika kila siku darasa likiwa limeshahamia ukurasa mwingine.

Basi wakaniletea mama mmoja mwenye sanduku la kadi na kengele. Alinikalisha kwenye kiti, akaenda nyuma yangu, akaanza kunong'ona. Alinong'ona jina langu, akanong'ona maneno ya chakula, akanong'ona kwamba kuna pipi mezani. Nilisikia kila neno. Nilisikia hata tumbo lake likinguruma. Lakini niulizeni, nyinyi mliolelewa kwetu: wakubwa wakinong'ona nyuma yako, mtoto mwenye adabu anageuka? Maman angenimaliza. Nikakaa wima kama nguzo, nikitazama mbele, nikifikiri kwamba yule mama akienda kwa mwalimu atanisifu kwa malezi yangu mazuri. Akaenda kwa mwalimu, akamwambia kwamba sielekei kusikia.

Wiki hiyohiyo Madame Odile alimwita Maman na kumweleza, taratibu, kwamba kuna shule nyingine, ya watoto wasiosikia vizuri au wasioweza kufuata wenzao, na kwamba huko nitatunzwa. Uamuzi ungetolewa Jumatatu. Maman alisema asante, maana ndivyo anavyosema mbele ya watu, akarudi nyumbani, akakaa jikoni na koti lake mwilini. Katika mtaa wetu kila mtu alimjua mtoto fulani aliyepelekwa katika shule kama hiyo. Mtoto aliingia, na hakuna aliyesikia kwamba alitoka kuwa mhandisi.

Siku mbili baadaye nikaleta nyumbani karatasi ya shule: Jumamosi alfajiri, matembezi ya masika katika bustani ya Auderghem, kusikiliza ndege pamoja na kiongozi, wazazi wote wanakaribishwa. Maman akaisoma, akaisoma tena, akampigia simu Tonton. Hapo ndipo familia yangu ilipofanya kosa ambalo mpaka leo nalipenda. Waliamua kwamba hakuna cha ndege wala nini. Mwalimu anayemshitaki mtoto Jumanne, kisha anawaita wazazi bustanini Jumamosi alfajiri, anaita kwa ajili ya kesi. Bazungu, alisema Tonton, hawapendi kusema mambo mazito wakiwa wamekaa; wanapenda kutembea. Na kwetu huitikii kesi ukiwa peke yako. Unakwenda na msemaji, unavaa vizuri, na hufiki mikono mitupu.

"Bon," alisema Tonton akitembea sebuleni, mikono nyuma. "Mimi nitasema. Nitaanza na historia ya familia, kisha nitafika kwa mutoto. Wewe, yaya, dada yangu, pale katikati utalia kidogo."

"Siwezi kulia mbele ya batu na maquillage hii yote kwa uso," alisema Maman.

"Kidogo tu. Kusudi hotuba ipate nguvu."

Kwa hiyo tulishuka kwenye metro Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, tukiwa tumepambwa kama watu wa harusi. Maman alivaa kitenge chake cha sikukuu, kile cha nta kinacholia kwa kukakamaa, na kichwani kilemba cha ghorofa mbili. Mikononi alibeba sufuria ya beignets, maandazi yetu ya sukari, aliyoifunga kwa kitambaa, bado ya moto, na harufu yake ilituamshia behewa zima. Mimi nilikuwa na tai. Tonton Cubaka alikuwa amevaa koti jipya la ngozi, refu, jeusi, na viatu vyenye ncha kali ambavyo hata lami vilikuwa vinaidharau.

Pale langoni tukawakuta wazazi wengine. Wote walikuwa na mabuti ya mpira na makoti ya mvua yenye rangi ya uyoga. Walitutazama, tukawatazama. Madame Odile akatabasamu, akatazama sufuria, akatabasamu tena. Tonton alikohoa na kusogea mbele ili aanze na historia ya familia.

Hakuanza. Mzee mmoja mrefu, mwembamba, mwenye darubini kifuani na kofia iliyochakaa, aliweka kidole mdomoni na kunyamazisha kila mtu. Huyo ndiye Monsieur Gaston, kiongozi wetu. Nilikuja kujua kwamba alikuwa akiongoza matembezi yale kila masika tangu Madame Odile mwenyewe alipokuwa mtoto. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, nami nawaandikia kwa Kiswahili alichotuambia kwa Kifaransa.

"Hapa hakuna kusema. Ukisikia ndege, usiniambie. Nyoosha kidole kule aliko. Nikikuona, nitakuja."

Ndugu msomaji, fikiria. Mwaka mzima nilikuwa naadhibiwa kwa sababu ya kunyamaza. Sasa mtu mzima, Mzungu, mbele ya mwalimu wangu, alikuwa ameagiza kunyamaza kuwe ndiyo kazi. Hakuna mtu Ubelgiji nzima aliyekuwa na mazoezi ya kazi hiyo kunishinda mimi.

Tukaingia. Njia ilipita kando ya mabwawa, maji yakitoa moshi mwembamba, na zaidi ya mabwawa msitu ulisimama ukiwa na majani machanga, ya kijani kile kinachodumu siku chache tu. Ardhi ilinukia kama chungu kipya. Na kelele iliyokuwa juu yetu! Nilizoea magari ya Chaussée d'Ixelles. Sikujua kwamba ndege wanaweza kupiga kelele kushinda soko. Wenzangu waligeuza vichwa huku na huku, wamechanganyikiwa. Mimi nilisimama, nikatazama chini kama nilivyozoea, na baada ya muda mfupi kelele ile ilianza kujipanga. Ilijipanga safu kwa safu. Ilikuwa kwaya.

Yule mweusi mwenye mdomo wa njano juu ya paa la banda aliimba sauti ya tenor, na alijua kwamba ana sauti nzuri, maana alipumzika kila baada ya mstari ili asikilizwe. Njiwa wa porini walikuwa besi, papa wazito walioimba neno moja tu na kuridhika nalo. Kwenye vichaka chini kulikuwa na kandege kadogo, mkia juu, sauti kubwa kuliko mwili wake mara kadhaa: huyo nilimtambua mara moja, alikuwa Maman Nabintu wa safu ya mbele. Mwingine mwenye kifua cha njano alitoa sauti kama pampu ya baiskeli, juu chini, juu chini. Kila mmoja nilimnyooshea kidole. Monsieur Gaston akawa anakuja, anainua darubini, anatikisa kichwa, ananiambia jina lake kwa kunong'ona, anakwenda. Akarudi. Akaja tena. Baada ya muda akaacha kuwapitia wengine, akawa anatembea kando yangu.

Madame Odile aliona. Nilimsikia, maana nilikuwa nasikia kila kitu, akimwambia mzazi mmoja kwamba labda mtoto anabahatisha.

Upande wa watu wetu mambo yalikuwa magumu kidogo. Koti la Tonton lilikuwa linalia. Ngozi mpya, mnaijua. Kila akipiga hatua lilitoa sauti ya mlango wa zamani, na ndege walinyamaza mahali tulipopita. Monsieur Gaston alivumilia kwa muda, kisha akamwendea, akagusa koti kwa vidole viwili kwa heshima kubwa, akamwonyesha kwa ishara alivue. Tonton akalivua. Akatembea asubuhi ile yote akiwa na shati lake la hariri, koti mkononi kama mtoto mchanga, meno yakigongana, na hotuba yake imekwama kooni. Maman naye alikuwa amepandisha kitenge kidogo kwa mkono mmoja ili kisilie, sufuria iko kwenye mkono wa pili, na alikwenda kwa ncha za viatu bila kuvunja hata kijiti. Nilielewa kwamba naye anasikiliza. Uso wake ulikuwa ule wa mazoezi.

Tukafika mahali penye misonobari mirefu, myeusi, iliyosimama kando ya miti mingine kama wageni. Chini yake kulikuwa na giza na ukimya. Monsieur Gaston alitupungia mkono tuendelee. Hapa hakuna anayeimba, alisema kwa sauti ya kawaida, zamani walikuwepo, siku hizi hakuna.

Wakaendelea. Mimi nikabaki.

Juu kabisa, mahali ncha za misonobari zinapogusana, kulikuwa na mtu. Alikuwa anaimba kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote, juu ya sauti ya kwanza ya kwaya, juu ya vyombo, juu ya kila kitu. Ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka, kisha mwishoni ikajikunja haraka kama mtu anayefunga fundo. Kimya. Halafu tena. Nikanyoosha kidole juu.

Monsieur Gaston aligeuka, akaniona, akarudi. Alisimama kando yangu, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono begani kwangu na kunishusha kwa upole.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Huko hakuna kitu."

Watu wote wakawa wamesimama na kugeuka. Nilimwona Madame Odile akitazamana na yule mzazi, na katika macho yake nikaiona ile shule nyingine, na mlango wake, na mimi naingia. Mtoto ananyoosha kidole mahali pasipo na kitu. Nilielewa vizuri sana, wala msidhani kwamba mtoto wa miaka tisa haelewi mambo kama hayo: nikishusha mkono, Jumatatu imeshakwisha. Nisiposhusha, nambishia mzee, mbele ya watu, mbele ya Maman. Sikuwahi kumbishia mzee. Mkono ukaanza kushuka wenyewe.

Maman alikuwa nyuma yangu. Hakuinua sauti. Aliniambia tu, kama tulivyozoea sebuleni:

"Usishushe mukono, papa. Ule muntu iko pale. Anaimba."

Nikaurudisha juu. Na kwa mara ya kwanza tangu niingie nchi ile, nilimtazama mtu mzima machoni. Monsieur Gaston alinitazama naye. Halafu, taratibu, akainua darubini, akaifuata njia ya kidole changu kupitia matawi, juu, juu, mpaka kwenye ncha.

Alikaa hivyo muda mrefu.

"Yupo," alisema mwishowe. "Namwona. Anafungua mdomo."

Ni roitelet, alisema, mfalme mdogo, ndege mdogo kuliko wote katika bara lile, mwenye mstari wa dhahabu kichwani. Madame Odile akafumba macho, akasikiliza, akasema ndiyo, sasa anasikia, kwa mbali sana, kama mlio wa mbu. Watoto wengine nao wakaanza kumsikia, mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa akitabasamu. Ila Monsieur Gaston alikuwa bado ameshika darubini machoni, na hakuwa anatabasamu, nami nikaogopa kwamba nimekosea kitu.

Kisha akashusha darubini, akachuchumaa mbele yangu, magoti yakilia, akaniomba nimwimbie anavyosema yule ndege.

Nikaimba. Niliimba juu kabisa, kwa ile sauti nyembamba ya mwisho ambayo mtoto anaipata kabla haijavunjika. Akatikisa kichwa, hapana. Nikarudia, juu zaidi, nikihangaika. Hapana. Nikahisi mtihani unaniponyoka.

"Teremusha," alisema Maman. "Umuimbie kwa sauti ya ba papa."

Hii ni kazi ya kawaida katika kwaya yetu. Siku ambayo akina mama hawakuja, kwa sababu ya zamu za kazi au mvua, wimbo wao hauachwi. Wanapewa wanaume, wanauimba chini, sauti zilezile, mwendo uleule, chini tu. Nikautoa wimbo wa yule ndege kule juu kwenye ncha ya msonobari, nikaushusha ngazi kwa ngazi hadi kifuani mwangu, nikauimba pole, ukazunguka, ukazunguka, ukazunguka, ukajifunga fundo.

Monsieur Gaston alifumba macho.

"Encore," alisema.

Nikaimba tena. Nilitia bidii kwenye lile fundo la mwisho, nikidhani pale ndipo palikuwa na dosari.

"Encore."

Nilirudia mpaka watu wakaanza kupigapiga miguu chini kwa baridi, na kila mara nilisahihisha kitu kidogo, kwa sababu nilijua mtihani nikiuona. Hatimaye alisimama, akanishika kichwa kwa mkono wake wote, akamgeukia mwalimu wangu. Alisema kwamba hajui nani anayempima mtoto huyu masikio, ila angependa mtu huyo aje siku moja atembee naye.

Madame Odile alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alimwendea Maman, akasema kwamba kama mtoto anasikia hivi, basi hajui kwa nini hamjibu. Na hapo Tonton Cubaka, akitetemeka kwa baridi, midomo ya zambarau, akapata nafasi yake. Hotuba yote aliyoiandaa siku tatu, pamoja na historia ya familia, ilimtoka kwa Kifaransa, kwa pumzi moja.

"Madame, kwetu mutoto anajibu mukubwa akimaliza. Sasa wewe, donc, humalizaki."

Kisha Madame Odile akacheka, akaweka mkono mdomoni, akacheka tena, na Maman, ambaye hakulia katikati ya hotuba, akafungua sufuria. Watu wa mabuti ya mpira walikula beignets zote wakiwa wamesimama kando ya bwawa, wakilamba sukari vidoleni, na yule mzazi aliyeambiwa kwamba nabahatisha alikula nyingi kuliko wengine. Jumatatu hakuna aliyetaja shule nyingine. Madame Odile alijifunza kungoja. Aliuliza swali, akaufunga mdomo wake, akanitazama. Na jibu langu, likishafika, lilikuwa jibu zuri. Nilimaliza msingi nikiwa mbele. Sekondari waliyosema nitaiona kwa nje niliiona kwa ndani, kuta zote nne, na nikatoka na maksi ambazo Tonton alizitaja katika kila harusi na kila msiba wa watu wa Bukavu mjini Bruseli.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama ushindi wangu, na ni ushindi wangu, simgawii mtu. Mtoto aliyeitwa kiziwi alimsikia ndege ambaye bingwa mwenyewe hakumsikia. Mtihani ulikuwa mgumu, bingwa akanirudisha na kunirudisha, nikafaulu. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Kisha nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya masikio, profesa alichora mstari ubaoni. Ulikwenda sawa, sawa, halafu ukaporomoka kama barabara zetu za Bukavu zinapoteremka ziwani. Hivi ndivyo sikio linavyozeeka, alisema. Sauti za juu ndizo zinazoondoka kwanza, na zinaondoka bila kuaga. Mtu hajui kwamba hasikii. Anadhani kwamba dunia ndiyo iliyonyamaza.

Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilisimama. Nilimwona Monsieur Gaston chini ya misonobari, akisema zamani walikuwepo, siku hizi hakuna. Masika kwa masika alikuwa amepita pale akiwaombolezea ndege ambao hawakuwahi kuondoka. Na siku ile, kwa sababu ya kidole changu, aliinua darubini na kuona mdomo ukifunguka na kufumbika, na hakuna kilichotoka. Mbele ya umati, bila kumwambia mtu, alijua ni nani aliyeondoka. Halafu mtoto mwenye tai akamshushia ule wimbo mpaka mahali ambapo masikio yake yalikuwa bado yapo.

Hakuwa ananipima. Tangu mwanzo hakukuwa na mtihani. Alikuwa anamsikiliza ndege.

Masika ya mwisho kabla sijarudi nyumbani nilikwenda kumtafuta. Nilivaa suti yangu ya siku ya kupokea diploma, maana mimi ni mtoto wa mama yangu. Matembezi yalikuwa yakiongozwa na watu wengine. Yeye alikuwa mzee sana, na Jumamosi binti yake alimkalisha kwenye benchi karibu na misonobari, blanketi magotini. Alinikumbuka. Nilimweleza kliniki nitakayoifungua, mashine nitakazonunua, mlango wenye jina langu, nilijisifu kweli kweli, naye alifurahia kila neno na kuuliza bei. Halafu nikainua kichwa. Juu yetu mfalme mdogo alikuwa akiimba. Monsieur Gaston alitazama uso wangu, akaona kwamba namsikia, akatazama miti, akatazama mikono yake. Nilielewa kwamba aliona haya kumwomba mwanamume mzima mwenye suti kitu kama kile.

Basi nikasimama. Watu walikuwa wakipita na mbwa wao. Sauti yangu ilikuwa imeshavunjika zamani, imekuwa besi, sauti ya papa kweli. Sikuhitaji kushusha tena. Nikafunga vifungo vya koti, nikaweka mikono nyuma, nikaimba. Ukazunguka, ukazunguka, ukajifunga fundo. Alikuwa amefumba macho, kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu anayeota jua.

Nilipomaliza, sikungoja aniombe. Nikaanza tena.